Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: mwenyekiti wa kikao cha nidhamu nimtoe wapi?

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Makorora hapa Tanga, nina bekari ndogo ya boflo na skonzi, vijana saba na mimi, mke wangu ndo anashika daftari la hela. Kabla hatujafika mbali niseme wazi kwamba sina ugomvi na kima cha chini kipya. Mlivyotangaza kinapanda, wastani kutoka 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 2026, wenzangu wengi walinuna, mi nikawaambia unga ukipanda bei mnalipa mnanyamaza, sasa anayeukanda huo unga kosa lake nini?

Ishu yangu ni kumwachisha mtu kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka vitu viwili, sababu ya haki na utaratibu wa haki, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwajiri. Sikatai, maana mkoa huu wa mkonge wazee wetu walioitwa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, walijua vizuri maana ya kufukuzwa bila kuulizwa. Ila hebu uangalie huo utaratibu wenyewe ulivyo kwenye zile kanuni za 2007, tangazo la serikali namba 42. Uchunguze kwanza, umpe tuhuma kwa maandishi, umpe muda wa kujiandaa usiopungua masaa 48, aje na mwenzake wa kumsaidia, kikao kiongozwe na mtu wa ngazi ya juu kwenye uongozi ambaye hakuhusika na jambo lenyewe, halafu uamuzi na haki ya kukata rufaa. Kiwanda chenye watu wa utumishi (HR) na mameneja watatu hilo wanalimaliza wiki moja. Kwangu mimi aliyemkamata mtu na unga ni mimi, mlalamikaji mimi, shahidi mke wangu, sasa mwenyekiti nikamuazime msikitini? Na rufaa atakata kwa nani, kwa mama mkwe?

Usione nafanya mzaha, kuna jamaa Ngamiani ana karakana ya kuchomelea mageti, alimkamata fundi wake anauza vyuma vya ofisi, ushahidi upo na mnunuzi alikiri, jamaa kwa hasira akamwambia kesho usije. Maneno mawili tu hayo. Yule fundi akajaza fomu namba 1 ya CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 30 za kulalamika, na huko hakuna aliyebisha kwamba vyuma viliibwa, swali lilikuwa barua ya wito iko wapi, muhtasari wa kikao uko wapi, nani alikuwa mwenyekiti. Jamaa hakuwa na hata karatasi moja akaishia kulipa. Tangu hapo haajiri tena, anachukua vibarua wa siku na kuwabadilisha badilisha, anadhani amepona, wakati sheria ya taasisi za kazi inasema mtu akikufanyia kazi wastani wa masaa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu anachukuliwa ni mfanyakazi wako mpaka uthibitishe vinginevyo. Yani amekimbia mvua kaingia mtoni, na hao vibarua nao wamekosa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, na likizo, hakuna aliyefaidi hapo.

Kingine kinachoniuma ni kwamba sheria nzuri haifiki huku. Sisi wa bekari tunakanda kuanzia saa nne usiku. Waulize wenye bekari mji huu wangapi wanajua kwamba kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa? Anayelipwa 1,500 kwa saa ni shilingi 75 tu hiyo, haimfilisi mtu, watu hawalipi kwa sababu hawajaambiwa. Na yale mabadiliko ya 2025, ya mama aliyejifungua njiti kuongezewa likizo na likizo ya dharura isiyo na malipo hadi siku 30, mimi niliyapata kwenye grupu la wasapu la mashemeji. Wakaguzi wakija ni waja leo waondoka leo, anauliza mikataba iko wapi, anaandika, kwaheri.

Sasa ombi langu. Kwa sisi wenye wafanyakazi chini ya kumi tupeni utaratibu mfupi, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na mseme wazi mwenyekiti anaweza kuwa nani, awe mfanyabiashara mwenzangu wa mtaa wa pili au afisa kutoka halmashauri ya jiji au yeyote mtakayeona anafaa, bora tukifika mbele ya msuluhishi isionekane tumebuni. Huo ukurasa, pamoja na mfano wa mkataba na barua ya tuhuma, mtu apewe siku ileile anapokwenda kusajili wafanyakazi NSSF au kwenye mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, maana huko lazima tufike. Na mkitaka kutusikia wenyewe njooni viwanja vya Tangamano hapa Tanga jioni baada ya alasiri, asubuhi tunakuwa tumelala.

Wako,
Mwenye bekari, Makorora, Tanga