YAH: MALALAMIKO KUHUSU GATA NA TANGI LA MAJI YA MVUA MLILOFUNGA NZUGUNI

Nzuguni, Dodoma
3 Juni 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwezi Oktoba mwaka jana niliwalipa shilingi 2,150,000, risiti ninayo, mnifungie mfumo wa kuvuna maji ya mvua kwenye mapaa ya banda la kuku na stoo ya zana, ili nimwagilie bustani iliyo nyuma ya nyumba. Msimu mzima wa mvua umepita na tangi lenu la lita 5,000 halijawahi kuvuka nusu. Nimepiga simu, nimetuma picha, nimetuma video. Kijana mmoja wa ofisini kwenu akaniambia mvua za mwaka huu zilikuwa haba. Mwingine akasema ninyi mnauza tangi tu, gata, yaani mfereji wa kukingia maji ukingoni mwa paa, ni suala langu na fundi. Nimeona sasa niandike, maana karatasi haikati mtandao.

Naanza na hilo la mvua haba, kwa sababu ndilo lililonichefua zaidi. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la banda la kuku linafunika mita za mraba 24. (Afisa mauzo wenu aliandika 26 kwa kuwa alipima bati akifuata mwinamo. Mvua haijali mwinamo. Kinachohesabiwa ni eneo ambalo paa linakinga chini yake.) Dodoma kwa kawaida hupata milimita kati ya 550 na 600 kwa mwaka. Hata tukitoa moja ya tano kwa ajili ya maji yanayoruka na kukauka, paa hilo moja linatoa zaidi ya lita 10,000 kwa msimu. Kulijaza tangi lenu kunahitaji kama milimita 260 tu, haifiki nusu ya mvua ya mwaka wa kawaida. Jirani yangu alitega pipa chini ya bati la jiko lake, bila gata, bila bomba, na lilikuwa likifurika kila mara. Mawingu hayakuchagua nyumba.

Maji yanapotelea kwenye gata. Tangi liko upande wa stoo, lakini fundi wenu aliifunga gata ikielemea upande wa pili, kwenye mwarobaini. Mvua ikinyesha, maji yanakimbilia kule kusiko na tundu, yanajaa, kisha yanamwagika ukutani. Breketi zinazoishikilia nazo zimepishana zaidi ya mita moja, kwa hiyo gata imebonyea katikati na maji yanatuama hapo hata mvua ikishakatika. Mwezi Januari nilipanda ngazi nikakuta majani ya mwarobaini yameoza yakawa tope jeusi, na ndani ya tope viluwiluwi vya mbu vinachezacheza. Gata ya kawaida inatakiwa iteremke kuelekea tangi angalau nusu sentimita kwa kila mita, na breketi ziwe karibu karibu, hatua isiyozidi sentimita 60. Hayo fundi yeyote wa mabati anayajua.

Kisha kuna mvua zetu zenyewe. Dodoma hakuna manyunyu ya kutwa nzima. Hapa inashuka dakika ishirini kwa kishindo, halafu jua. Bati limetokeza mno nje, limepita karibu mdomo wote wa gata, hivyo mvua ya nguvu inaruka juu yake na kutua chini. Kwenye video namba mbili mtaona maji yakitoka kwenye migongo ya bati kama kanga iliyoanikwa, na gata chini yake ikiwa nusu kavu. Yamechimba mfereji kando ya msingi wa banda, na sasa kuku wanaufanya mahali pa kuogea vumbi.

Paa la stoo halikuunganishwa kabisa. Kwenye profoma yenu, ile hati ya makadirio ya bei, mstari wa tatu unasema wazi “gata mabanda mawili”, na nimelipia mawili. Fundi alisema bomba limepungua, angerudi Jumatatu. Ni Jumatatu ipi, hakusema.

Kwa yale machache yanayofika ndani, kuyatoa ni kazi nyingine. Tulikubaliana tangi likae juu ya kitako cha mawe na zege chenye kimo cha sentimita 60. Nilichopata ni mchanga uliosambazwa na kufunikwa matofali mawili matatu. Lita 5,000 za maji ni uzito wa tani tano, Ndugu Meneja. Tangi likiwa na nusu tu limeshalalia upande mmoja, na kiungio cha bomba la kutolea kimeanza kuvuja. Koki iko chini kiasi kwamba ndoo ya lita 20 haiingii. Inabidi nikinge kwa jagi na kumimina kwenye ndoo, jagi baada ya jagi, nimechuchumaa. Mipira ya kumwagilia kwa matone mliyoniuzia pamoja na tangi haifanyi kazi hata kidogo. Maji yanasukumwa na kimo, na tangi lililokaa chini halina kimo cha kuyafikisha mwisho wa tuta. Tuta la kwanza la mchicha linalowa, la nyanya linabaki linanitazama.

Kifaa cha kumwaga maji ya kwanza, ambacho nacho kipo kwenye profoma, hakikufungwa. Paa hilo lina vumbi la miezi saba ya kiangazi na kinyesi cha njiwa juu yake. Milimita ya kwanza ya mvua inaosha sehemu kubwa ya uchafu huo, na kwa paa langu ni lita 24 tu, ndoo moja na kidogo, za kumwagwa pembeni. Badala yake zote zimeingia kwenye tangi. Sinywi maji hayo, lakini mchicha unaliwa majani. Mdomo wa tangi hauna wavu, na bomba la kufurikia halina wavu pia.

Mtauliza kwa nini nahangaika hivi na maji ya bustani. Maji ya kisima huku kwetu yana chumvi. Nikimwagilia nayo, udongo unafanya ukoko mweupe na mboga zinaungua ncha za majani. Maji ya bomba ni ya kupikia na kuoga. Nilinunua mfumo wenu ili bustani iwe na maji yake.

Pia mwambieni afisa mauzo wenu aache kuwaahidi watu kwamba tangi moja litawafikisha Septemba. Bustani yangu ya mita za mraba 20 wakati wa kiangazi inakunywa kama lita 100 kwa siku. Tangi lililojaa ni siku 50. Mvua zikiisha mwishoni mwa Aprili, ni katikati ya Juni, basi. Ningeambiwa hivyo ningenunua vilevile.

Ninachodai ni kwamba gata ifungwe upya kwa mwinamo sahihi na bati lipunguzwe, paa la stoo liunganishwe, kitako kijengwe kama tulivyokubaliana, na kifaa cha maji ya kwanza pamoja na nyavu vifungwe, vyote kwa gharama zenu. Kama hamuwezi, chukueni vitu vyenu mnirudishie fedha. Hoja kwamba fundi si wenu siipokei: alikuja na gari lenu, amevaa fulana yenu, na ufundi wake umo kwenye risiti ileile ya tangi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iifae kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji, nami niliwaeleza kazi yenyewe tukiwa tumesimama bustanini.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Baada ya hapo nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani, na nakala ya barua hii nimeshaitenga. Kitako cha zege kinahitaji muda wa kukomaa kabla ya kubeba tangi, kwa hiyo msinijie Novemba mvua zikiwa zimeshapiga hodi.

Fundi aje siku yoyote isipokuwa Ijumaa, apige simu kwanza, na aje na pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa na mwinamo. Yule wa mwanzo alitumia macho.

Wenu,
Mteja, Nzuguni

Viambatanisho: nakala ya risiti, nakala ya profoma, picha sita na video mbili. Namba yangu ya simu iko kwenye risiti.