Bogenvilia haitaki kudekezwa

Mikindani, Mtwara
12 Septemba

Shoga yangu mpenzi,

Sisi hatujambo, ila jua linatukaanga. Umeuliza upande nini mbele ya nyumba yako mpya huko Lindi, ukaisifia na bogenvilia yangu uliyoiona juzi. Ungeiona mwaka wa kwanza, ungenicheka!

Niliipanda ubavuni mwa mlango. Kila magharibi ndoo nzima ya maji, tena ya kununua kwa mwenye mkokoteni, na samadi ya mbuzi juu. Ikashiba, ikatoa majani na miiba, ua hata moja hamna. Wageni wakipita, kanga zinanasa. Bibi wa nyumba ya pili akaniuliza, "Mwanangu, unanenepesha mbuzi wa Idi?" Akaniambia mvua zikikata niipogoe, kisha niisahau, nisiipe maji mpaka majani yalegee. Nilikata mwezi wa tano roho ikiniuma. Mwezi wa nane ukuta wote ulikuwa mwekundu. Na yale mekundu si maua, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kidude kidogo cheupe katikati. Mwanangu ndiye aliyenionyesha, mimi na uzee wangu huu sikuwahi kuchungulia.

Wewe yako iweke mbali kidogo na njia, penye jua la kutwa.

Kibarazani weka krotoni. Mimi nilizificha ndani kabisa kwenye kivuli, zikapauka, zikawa kijani kitupu. Nilipozisogeza zipigwe na jua la asubuhi, majani mapya yakaja na manjano na wekundu wake. Usinunue vyungu vya bei. Zangu zimo kwenye ndoo zilizopasuka, nimezitoboa chini, na juu nimetandaza makumbi ya nazi udongo usikauke upesi.

Asumini usiniulize, hiyo lazima, na dirishani pa chumbani. Jioni zinapofunguka utanikumbuka. Na kikuba cha maua yake utajitungia mwenyewe badala ya kunisumbua mimi.

Kuna lile ua la majani mapana yenye madoa meupe, wanalouza sana kwenye vitalu. Zuri, lakini usiliweke. Utomvu wake unawasha, na mtoto akilitafuna mdomo na ulimi vinavimba. Kwa huyo mjukuu wako anayetia kila kitu kinywani, hapana.

Jumamosi nitakupakilia kwenye basi vipande sita vya bogenvilia, nimevifunga kwa gunia bichi. Vichomeke kwenye makopo, uviweke kivulini, udongo uwe na unyevu tu usitote. Hivyo ndivyo vya kudekeza kidogo, mpaka vishike mizizi. Usivishushe ardhini kabla ya mvua za Desemba, hata mumeo akikuharakisha.

Kapu ni la mama, nirudishie. Lisirudi tupu, nasikia ng'onda, wale samaki wa kukausha, wa huko ni wazuri.

Wako,
Mama Zainabu