Risala ya Watumia Maji kwa Mgeni Rasmi, Wiki ya Maji, Kongwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, wazee wetu, kina mama na vijana, mbukwenyi!

Sisi wanachama wa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii tunakukaribisha kijijini kwetu. Wageni wengi wakifika Kongwa huulizia karanga. Ni kweli, mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilimwaga matrekta katika eneo hili ili ipate mafuta ya kula kwa watu wake. Fedha zilikuwepo, wataalamu walikuwepo. Mvua zikagoma, udongo ukakauka ukawa kama saruji, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Hesabu zile zilipigwa London.

Tunaikumbuka habari hiyo kwa sababu kisima chetu nacho kiliponea chupuchupu. Kamati iliyotutangulia ilikusanya pesa ya ndoo bila kusoma hesabu mkutanoni. Pampu ilipokufa, mfuko ukakutwa mtupu. Watu wakarudi kuchota makorongoni, watoto wakaanza kuugua matumbo.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Kwetu ulikuwa ukiitwa asubuhi, saa ambayo kina mama wako kwenye foleni ya maji! Tulipouhamishia alasiri, maswali yakabadilika: bei ya ndoo, nani anatunza ufunguo, risiti ziko wapi. Leo mapato na matumizi yanabandikwa ofisi ya kijiji, na akiba ya matengenezo iko benki. Muuguzi wa zahanati naye hachoki kutuambia kwamba trakoma, iliyowapofusha wazee wetu wengi, huzuiwa pia kwa kunawa uso. Ushauri huo hauna maana bombani pakiwa pakavu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto hazikosi. Mtendaji ni mmoja kwa vijiji viwili, hivyo mihtasari huchelewa. Mifugo inakanyaga chanzo, na sheria ndogo tuliyoitunga bado inasubiri idhini.

Tunaomba mtendaji wetu wenyewe, na sheria ndogo iidhinishwe kabla ya kiangazi, mifugo inapoongezeka hapa. Tunaomba na jambo moja lisilo na gharama: mradi wowote ujao, michoro yake isomwe kwanza kwenye mkutano mkuu, mkandarasi akiwa bado hajashusha mabomba.

Tunaomba kuwasilisha.