Barua kutoka Oita: gavana aliyekataa kugawa pesa

Oita, Japani

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Msalimie mkaza mjomba na wote hapo Kilifi. Uliniuliza habari za Hiramatsu Morihiko, gavana wa "kijiji kimoja, zao moja" (mpango wa kila kijiji kuchagua zao lake na kulikuza), kwa kuwa kikundi chenu kinataka kumfuata.

Alizaliwa huku Oita mwaka 1924, akasomea sheria Tokyo, na mwaka 1949 akaajiriwa katika wizara ya biashara na viwanda, ambako alikuja kushughulikia sekta ya kompyuta. Mwaka 1975 alirudi kwao akawa naibu gavana, na 1979 wananchi wakamchagua gavana. Magavana wa Japani hawana ukomo wa mihula, tofauti na wenu. Alishika mihula sita, hadi 2003.

Wazo lenyewe hakulibuni yeye. Oyama, uliokuwa mji mdogo wa huku Oita, ni eneo la milima, mpunga haupati nafasi. Tangu 1961 wakulima wake walikuwa wamegeukia miti ya ume (tunda la jamii ya plamu) na kuri (chestnut), ingawa serikali ilisisitiza mpunga. Hiramatsu alilitambua hilo, akalieneza mkoa mzima. Ila hakuwapa wanavijiji ruzuku ya kuanzishia zao, kwani ruzuku ikikatika, na bidii hukatika. Mkoa ulileta wataalamu na utafiti, ukafundisha viongozi wa vijijini kuanzia 1983, na gavana mwenyewe akazinadi bidhaa Tokyo. Huo ndio ujuzi wa mtumishi wa wizara: anajua milango ya kubisha hodi.

Tazameni uyoga wa shiitake, zao mojawapo la huku. Magogo ya mwaloni hukatwa urefu wa mita moja hivi, yakatobolewa, yakapachikwa mbegu, kisha yakalazwa kivulini karibu miaka miwili. Uyoga ukichumwa kofia haijafunguka vizuri huitwa donko, na bei yake iko juu. Mvua ikinyesha mkachelewa, kofia inafunguka, bei inashuka. Ukishakaushwa hausumbuliwi na msimu.

Hata hivyo vijiji vingi viliendelea kupoteza vijana. Zao zuri peke yake halikuwazuia kwenda mijini.

Kwa hiyo msianze na barua za kuomba ufadhili. Kausheni embe kidogo kwanza, mwezi ule zinapojaa sokoni na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Pimeni kilo ngapi mbichi zinatoa kilo moja kavu, hesabuni kuni, vifungashio na nauli, halafu mniandikie bei mliyopata. Nikiwa na hesabu hiyo nitawaulizia ushirika wa huku wanavyopanga madaraja ya ubora.

Mpwa wako