Dirisha fiche halifichi vile tunavyodhani

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe imani iliyoenea mno: kwamba ukifungua dirisha fiche (Incognito) la kivinjari, hakuna anayekuona. Si kweli, na wanaoumia zaidi ni wanaolitegemea kwa mambo mazito, kama anayeulizia ugonjwa wake au anayetafuta namna ya kumkimbia mwenza anayempiga.

Dirisha hilo hukuficha kwa atakayeshika simu baada yako, basi. Ukifunga vichupo vyote fiche, kivinjari hufuta historia na vidakuzi vya kipindi hicho, yaani vijifaili ambavyo tovuti huweka kwenye simu ili zikutambue. Ukisahau kimoja wazi, vidakuzi bado vipo. Faili ulizopakua hubaki. Na ukiingia kwenye akaunti yako humo ndani, mwenye tovuti anakujua wewe ni nani.

Sasa mchukue mtu anayesoma kuhusu VVU kupitia Wi-Fi ya kazini. Anwani ikianza na https, yaani mawasiliano yamefumbwa kwa msimbo ili wengine wasiyasome, mwenye Wi-Fi haoni amefungua ukurasa upi wala ameandika nini. Jina la tovuti, hata hivyo, analiona, kwanza kabisa katika ombi la DNS (swali ambalo simu huuliza ili ijue tovuti yenye jina hilo iko wapi), ambalo mara nyingi husafiri bila kufumbwa. Kwenye Android 9 na kuendelea ombi hilo hufumbwa hivi: fungua Mipangilio, nenda sehemu ya mtandao, gusa DNS ya faragha, chagua kuandika jina la mtoa huduma, kisha weka dns.quad9.net, jina la huduma ya DNS iitwayo Quad9. Ukikosea herufi moja tu, kurasa zote zitagoma, na wengi hapo hudhani simu imeharibika. Rudi palepale urekebishe.

Hata baada ya hapo, jina la tovuti huweza kuchungulia pale mawasiliano yanapoanza. Anayehitaji usiri hasa atumie Tor Browser, kivinjari kinachopitisha mawasiliano kwenye kompyuta kadhaa ili kuficha yanakotoka, na avumilie mwendo wake wa polepole. VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta zake, nayo huzificha habari za tovuti unazotembelea kwa kampuni ya mtandao na kuzikabidhi kwa mwenye VPN. Ya bure ambayo mwenyewe hajulikani, heri uiache.

Ninawasihi wanaowasaidia waathirika wa ukatili wa nyumbani wasiishie kuwaambia "tumia fiche". Simu iliyowekewa programu ya upelelezi huweza kurekodi kinachoonekana kwenye kioo, dirisha liwe fiche au la. Mtu huyo atafute msaada kwa simu ambayo mwenza wake hajawahi kuishika, wala asiingie humo kwa akaunti ambayo mwenza anaijua nywila yake.

Msomaji wenu