Hiyo si rupia, ni kori

Mhariri,

Sarafu mliyoipiga picha kwenye ukurasa wa utamaduni na kuiandika "rupia ya Malkia Victoria" si rupia. Ni kori, sarafu ya fedha ya Kutch, mojawapo ya dola za India zilizobaki na watawala wao wenyewe chini ya Mwingereza hadi 1947. Mtaona ni kosa dogo la maelezo ya picha. Lakini makasha ya wazee hapa pwani bado yana vitu hivi, warithi wanavitoa na kuvipeleka kwa sonara, na anayeuza asichokijua jina hapangi bei, hupangiwa.

Kuitofautisha ni rahisi. Rupia ya Victoria ina kichwa chake. Kori haina kichwa cha mtu. Ni maandishi pande zote mbili. Upande mmoja ni Kiajemi, na yeyote aliyepita chuoni akajua alifu na be atausoma kwa kujikokota: Viktoria, Kaisari Hind, kisha neno dharb, yaani imepigwa wapi, na jina la mji, Bhuj. Upande wa pili ni herufi za Kinagari, yaani maandishi ya Kihindi, zile zinazoning'inia chini ya mstari kama nguo kwenye kamba. Hapo limeandikwa jina la mtawala wa Kutch, aghalabu Maharao Khengarji III, aliyetawala tangu miaka ya 1870 hadi 1942. Kwenye upande huo tafuta pia alama tatu: mkuki wa ncha tatu, mwezi mchanga na jambia.

Mwaka umeandikwa mara mbili. Kwenye Kiajemi ni mwaka wa Kizungu kwa tarakimu za Kiarabu. Kwenye Kinagari ni mwaka wa Vikram, kalenda ya Wahindu, ambao umetangulia wa Kizungu kwa miaka 57 au 56, kwa sababu haubadiliki Januari. Kwa hiyo sarafu ya 1936 yaweza kuwa na 1992 au 1993 upande wa pili, na zote mbili ni halali. Wengi hukwama kwenye tarakimu ya moja ya Kinagari, kwa kuwa inafanana na tisa yetu.

Uzito ndio unaowachanganya hata wazoefu. Kori moja ya Khengarji ina gramu 4.7, na kati ya sehemu 1,000 za madini yake ni 601 tu zilizo fedha. Nyingi ya zilizobaki ni shaba. Kori tano, ile sarafu kubwa, ina gramu 13.87. Anayetarajia uzito wa kori moja mara tano, yaani gramu 23.5, atasema ni bandia. Si bandia. Ni kwamba madini yake ni safi zaidi, sehemu 937 kwa 1,000, kwa hiyo ina karibu gramu 13 za fedha halisi, wakati kori moja moja tano kwa pamoja zina gramu 14 na kidogo. Kori mbili na nusu ina gramu 6.935 za madini hayohayo ya 937.

Sasa weka pembeni rupia ya Mwingereza: gramu 11.66, sehemu 917. Ukipiga hesabu, fedha iliyomo ndani ya rupia moja ni sawa na ya kori tatu na robo tatu hivi. Sonara akizipima kori ndogo kwa kipimo cha rupia, amejipunja mwenyewe. Akiipima kori tano kwa kipimo cha kori ndogo, amekupunja wewe theluthi nzima. Kwa uzoefu, la pili ndilo hutokea.

Chini ya kori kulikuwa na chenji za shaba: dokda 24 kwa kori moja, na trambiyo 48. Hizi hazina thamani ya madini, ila wakusanyaji huzitafuta zikiwa maandishi yake bado yanasomeka.

Zilifikaje huku? Bandari ya Kutch ni Mandvi, na majahazi yake yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi. Ushuru wa forodha ya Zanzibar ulikodishwa kwa miaka mingi kwa kampuni ya Jairam Shivji, ya watu wa Kutch. Lakini tusidanganyane, kori haikuwa pesa ya dukani pwani hii. Dukani kulikuwa na reale, baadaye rupia ya India na pesa 64 zake, na neno pesa lenyewe tumelipata kwenye paisa ya huko. Kori ni akiba iliyosafiri na familia, na nyingi zilitiwa kitanzi zikavaliwa shingoni. Angalia ukingoni: doa la kulehemu hubaki hata kitanzi kikiondolewa, na hushusha bei kwa mkusanyaji, ingawa kwa sonara halibadilishi kitu.

Kuna sarafu moja inayotuunganisha na Kutch kwa namna ya ajabu kidogo. Mfalme Edward VIII alikaa kwenye kiti tangu Januari 20 hadi Desemba 11, 1936, akajiuzulu kabla sarafu zenye sura yake hazijaanza kutumika Uingereza wala India. Kutch, ambayo haikuhitaji sura, iliandika jina lake tu na kupiga kori za 1936. Afrika Mashariki nayo ilifanya vivyo hivyo kwa senti tano na senti kumi zenye tundu katikati: zina jina lake, hazina uso wake. Mwenye senti kumi ya 1936 aisome kabla hajaitupa, japo asitegemee utajiri, maana hazikuwa chache.

Mtego mkubwa ni mwaka 978 wa Hijria, sawa na 1570 na ushee. Kori za zamani za Kutch na za jirani yake Nawanagar ziliigiza sarafu za Muzaffar Shah III, sultani wa mwisho wa Gujarat, na za Nawanagar ziliendelea kubeba mwaka wake huohuo hadi karne ya 19, muda mrefu baada ya usultani kwisha. Muuzaji anayekuonyesha 978 na kudai kitu cha miaka 450 hajadanganya tarakimu, amedanganya umri. Tafuta Kinagari kisemacho "Sri Jamji"; ukikiona, hiyo ni ya watawala wa Nawanagar.

Na si kila "rupia" ni ya Mwingereza. Ya Nizam, mtawala wa dola nyingine ya India iitwayo Hyderabad, ina mnara wa Charminar, na mlangoni mwake herufi moja: mim kwa Mahbub Ali Khan, ain kwa Osman Ali Khan. Uzito wake ni gramu 11.18, madini 818, ndiyo maana rupia 7 za Nizam zilikuwa sawa na 6 za Mwingereza.

Kuhusu bandia: sumaku haitoshi, kwa sababu shaba nayo haivutwi. Weka bilauri ya maji kwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, irudishe sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame bila kugusa kando wala chini. Kori tano halali itaonyesha karibu 1.34. Ya shaba ya manjano yenye uzito uleule itaonyesha 1.6 au zaidi. Vipovu vikigandamana kwenye maandishi nambari itapanda bure, kwa hiyo ipitishe kwanza kwenye maji yenye tone la sabuni. Kwa kori moja kipimo hiki si cha kutegemea. Tofauti ni 0.48 kwa 0.55, na mkono ukitetemeka kidogo imepotea. Hiyo itazame kwa kioo cha kukuzia: vishimo vidogo vya duara usoni au mshono ukingoni maana yake imemiminwa kwenye kalibu, haikupigwa.

Na jamani, msizisafishe kwa limau! Asidi yake hula shaba iliyo juu, na kwenye kori ndogo shaba ni karibu mbili ya tano ya madini yote. Uso unabaki mweupe wa chokaa, herufi zinalainika. Majivu, mchanga na dawa ya meno huacha mikwaruzo isiyofutika. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini yanatosha, kisha kaushia kitambaa cha pamba kwa kubonyeza bila kusugua. Usiihifadhi kwenye plastiki laini yenye harufu. Hutoa utelezi wa kijani unaoshika kwenye shaba. Bahasha ya karatasi ni bora.

Ombi langu ni kwamba msahihishe maelezo ya ile picha, na siku nyingine mkichapa sarafu mchape pande zote mbili, na uzito wake pembeni. Ile yenu inaonyesha upande wa Kiajemi tu, na mwaka umefichwa na kidole cha aliyeishika.

Msomaji wenu,
Mji wa Kale, Mombasa