Safari ya Cascia: tusiishie basilikani

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Basi letu litaondoka hapa Roma Jumamosi saa 12 asubuhi kamili.

Mmeniuliza kama tutaishia basilikani mjini Cascia, ulipo mwili wa Mtakatifu Rita. Hapana. Naomba sana tufike na Roccaporena, kitongoji kilichobanwa na milima, kilomita kama 5 kutoka mjini. Ndiko alikozaliwa mwaka 1381, akaolewa, akampoteza mume aliyeuawa, kisha wanawe wawili. Akina mama mlionipigia simu mkilia, Rita wa kitongojini aliyajua hayo kabla ya kuwa mtawa. Mapokeo yanasema akiwa hoi kitandani, katikati ya baridi, aliomba waridi kutoka bustani ya kwao, na likapatikana. Ndiyo maana watu hubeba mawaridi sikukuu yake, 22 Mei.

Wenye miguu mizima tutapanda jabali alikokuwa akisali. Ngazi ni nyingi, vaeni viatu vya kufunga. Wazee wetu watabaki chini na wanakwaya, hawataachwa peke yao. Koti msisahau.

Nia za Misa nitumieni pembeni kabla ya Alhamisi usiku.